Mtoto wa Kike na Kazi ya Beki



Jioni maji yakipwa, vijana wa vijiji vya pwani yetu, kuanzia Moa mpaka Tanga mjini, hucheza mpira mchangani. Jambo hilo si geni. Lililo geni kwa wazee wengi ni hili: siku hizi wasichana nao wanacheza. Wanacheza shuleni, na wakirudi nyumbani bado wana hamu.

Wazee wanauliza: "Mpira utampa nini mtoto wa kike? Si atavunjika mguu tu?" Swali hilo si baya. Mzazi ana haki ya kuuliza juu ya mwanawe. Lakini linataka jibu la kweli, si jibu la kishabiki.

Basi leo tutaeleza kazi moja tu ya uwanjani, nayo ni kazi ya beki. Tutaona beki anafanya nini. Tutaona wanawake gani wa kwetu wameifanya kazi hiyo na wamefika wapi. Kisha tutazungumza habari ya karatasi ambayo mzazi anaweza kuletewa siku moja aitie sahihi. Sehemu hiyo isomeni mara mbili.

BEKI NI NANI?

Timu ya mpira wa miguu ina wachezaji 11 uwanjani. Mmoja ni kipa. Wale wanaosimama mbele ya kipa ndio mabeki. Mara nyingi huwa 4: wawili wa katikati, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Timu nyingine huweka 3, nyingine 5. Kazi yao ya kwanza ni kuwazuia wapinzani wasifunge bao.

Goli lina upana wa mita 7 na sentimita 32. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 44. Huo ni mlango mkubwa sana. Kipa peke yake hawezi kuulinda.

Watu wengi wanadhani beki ni mtu wa mabavu. Eti kazi yake ni kubutua mpira na kukata watu miguu. Sivyo hata kidogo. Beki mzuri hufanya kazi kama uzio wa mvuvi. Uzio haumkimbizi samaki. Uzio umesimama tu. Samaki mwenyewe anaufuata uzio, mwishowe anajikuta mtegoni. Beki naye hamrukii mshambuliaji ovyo. Anasimama upande upande. Anamfungia njia ya katikati, anamwachia njia ya pembeni. Mshambuliaji anaifuata njia ile, anafika kwenye mstari wa chaki, hana pa kwenda tena. Hapo ndipo beki anapouchukua mpira.

Beki mwenye pupa hupigwa chenga. Na beki akimchezea mtu rafu ndani ya eneo la hatari, refa anatoa penati. Mpira unawekwa mita 11 tu kutoka golini, na kipa anabaki peke yake. Kwa hiyo kosa la mshambuliaji husahaulika haraka, lakini kosa la beki mara nyingi huzaa bao. Kazi hii inataka mtu mtulivu.

Tena beki hafanyi kazi peke yake. Kuna sheria inayoitwa kuotea. Maana yake ni hii. Mchezaji anapompigia mwenzake pasi, yule mwenzake aliye upande wa wapinzani asiwe karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na tena kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa, na wa pili ni beki. Akiwa mbele yao na akaucheza mpira, ameotea. Mshika kibendera anainua kibendera.

Mabeki huitumia sheria hiyo kama silaha. Wanasogea mbele pamoja, wanarudi pamoja, kama watu wanaovuta wavu mmoja. Mmoja akizubaa nyuma, wavu umepasuka. Ndiyo maana beki hana budi kusema. "Tokeni! Rudi! Kushoto kwako!" Beki bubu ni hasara kwa timu. Na ndiyo maana mara nyingi beki wa katikati hupewa unahodha. Sisi watu wa pwani tunalijua neno hilo. Nahodha ni yule anayeona mbali kabla chombo hakijagonga mwamba.

WANAWAKE WALIANZA LINI?

Wengine wanasema mpira wa wanawake ni jambo la juzi. Si kweli. Huko Uingereza wanawake walikuwa wakicheza mbele ya maelfu ya watazamaji zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1921 chama cha mpira cha huko kikawakataza kutumia viwanja vya klabu zake. Kikasema mchezo huo hauwafai wanawake. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Basi hata wazungu walikuwa na wazee wao wanaouliza maswali!

Kombe la Dunia la wanawake lilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 nchini China. Marekani ndiyo iliyoshinda.

Kwetu Tanzania timu ya taifa ya wanawake inaitwa Twiga Stars. Mwaka 2010 ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, huko Afrika Kusini. Ilicheza mechi 3 na ikafungwa zote. Lakini tazama matokeo: wenyeji Afrika Kusini walishinda 2-1, na Mali walishinda 3-2. Si vipigo vya aibu. Nigeria tu, mabingwa wa mwaka ule, ndio walioshinda 3-0.

Nahodha wa Twiga Stars miaka hiyo alikuwa Sophia Mwasikili. Yeye alikuwa beki. Baadaye alikwenda kucheza Uturuki. Wakati huo Tanzania haikuwa na ligi kuu ya wanawake. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Ni sawa na mtu aliyejifunza unahodha bila ya chombo.

Ligi kuu ya wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wa mkoa wa Pwani wakawa mabingwa wa kwanza. Baada yao wakaja JKT Queens, kisha Simba Queens wakachukua ubingwa misimu 3 mfululizo, 2020, 2021 na 2022.

Kuwa na ligi kumeleta nini? Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la umri wao. Hapo kabla hakuna timu ya mpira wa miguu ya Tanzania, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walianza vibaya, Japani wakawafunga 4-0. Hawakukata tamaa. Wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada 1-1, wakaingia robo fainali. Huko Kolombia wakawatoa kwa 3-0.

Na mwezi wa Julai 2025 Twiga Stars walirudi tena fainali za Afrika, safari hii huko Moroko. Ilikuwa miaka 15 tangu mara ile ya kwanza. Walicheza na Afrika Kusini, waliokuwa wakishikilia ubingwa wa Afrika, wakatoka sare 1-1. Hiyo ilikuwa pointi ya kwanza kwa Tanzania katika fainali hizo.

BEKI ALIYEVUKA BAHARI

Sasa tuje kwa beki mmoja wa siku hizi. Jina lake ni Julietha Singano. Ameichezea Simba Queens na ameichezea Twiga Stars. Mwaka 2022 alisajiliwa na klabu ya Juárez, nchini Meksiko.

Meksiko iko wapi? Iko Amerika, kusini ya Marekani. Kutoka kwetu ni kuvuka Afrika nzima, kisha bahari kubwa ya Atlantiki. Mji wa Ciudad Juárez uko mpakani kabisa. Ng'ambo ya mto ni Marekani, mji wa El Paso. Watu wa Moa, ambao wamezoea kuona wenzao wakipita Horohoro kwenda Kenya na kurudi, wataelewa mji wa mpakani ukoje. Lakini hapo mfano unakwisha. Juárez haina bahari. Ni nchi ya jangwa. Kiangazi joto ni kali, na majira ya baridi maji huweza kuganda. Watu wanasema Kihispania. Huku kwetu ikiwa saa 10 jioni, watoto wanatoka madarasani, kule ndiyo kwanza kunakucha.

Ligi ya wanawake ya Meksiko ilianza mwaka 2017. Mwanzoni ilikuwa ya Wameksiko peke yao. Walipoufungua mlango kwa wageni, kila klabu ilipewa nafasi chache tu za wageni. Kwa hiyo klabu inapompa mgeni nafasi hiyo, haitoi kwa huruma. Inataka mtu atakayefanya kazi kuliko mwenyeji. Binti wa Kitanzania alipata nafasi hiyo kwa kazi ya kuzuia mabao.

Hayuko peke yake aliyetoka. Aisha Masaka alikwenda Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akahamia Brighton, Uingereza. Clara Luvanga alipita Hispania, kisha mwaka 2023 akaenda kuchezea Al Nassr, Saudia. Hao ni washambuliaji, nao husemwa sana kwa sababu ya mabao. Beki hasemwi hivyo. Mechi ikiisha bila bao upande wake, hakuna wa kumbeba begani. Lakini kocha anajua, na mwenye klabu anajua. Mshahara hutolewa na hao wanaojua.

ALIYEKATALIWA NDIYE ALIYESHINDA

Kuna beki mwingine ambaye habari zake zinafaa kusomwa na watu wa pwani. Ni Mfaransa, jina lake Wendie Renard. Alizaliwa mwaka 1990 katika kisiwa cha Martinique. Kisiwa hicho ni cha Ufaransa, lakini kiko mbali nayo, ng'ambo ya Atlantiki. Wendie alikulia mahali padogo kando ya bahari. Alipokuwa na miaka 8 baba yake alifariki.

Alipofika miaka 15 hivi, alisafirishwa mpaka Ufaransa kujaribiwa katika shule kubwa ya mpira ya taifa. Hakuchaguliwa. Wengine wangerudi nyumbani wakilia. Yeye akapelekwa kujaribiwa mji mwingine, kwenye klabu ya Lyon. Lyon wakamchukua. Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Akiwa na Lyon ameshinda kombe la klabu bingwa za Ulaya mara 8. Amekuwa nahodha wa klabu yake na nahodha wa taifa lake.

Kwa nini tunaitaja habari hii? Kwa sababu wasichana wengi hujaribiwa mara moja, wakikataliwa wanaacha. Na wazazi husema, "Si tulikwambia?" Kumbe kukataliwa mahali pamoja si kukataliwa kila mahali. Mvuvi akikosa leo, kesho haendi baharini?

NA MAVAZI JE?

Swali hili huulizwa sana katika vijiji vyetu vya Kiislamu, na linastahili jibu. Zamani sheria za mpira zilimkataza mchezaji kufunika kichwa. Mwaka 2014 sheria ikabadilishwa, ikaruhusu. Tarehe 30 Julai 2023, katika Kombe la Dunia huko Australia, Moroko walicheza na Korea Kusini. Katika timu ya Moroko alikuwemo Nouhaila Benzina, amevaa ushungi wa michezo na nguo za kufunika mikono na miguu. Yeye ndiye wa kwanza kucheza hivyo katika Kombe la Dunia la wanawake wakubwa. Moroko wakashinda 1-0. Na nafasi yake uwanjani? Beki.

Basi ikiwa mzazi ana shaka ya mavazi tu, azungumze na mwalimu wa michezo. Sheria haimzuii binti.

MWILI NDIO JEMBE LAKE

Mkulima hutunza jembe. Mchezaji hutunza mwili. Beki hukimbia, huruka kupiga kichwa, hugeuka ghafla, hugongana na watu. Kiungo kinachoumia vibaya ni goti. Ndani ya goti kuna kano inayoshika mfupa wa paja na mfupa wa muundi visiachane. Kano hiyo ikikatika, mara nyingi hutakiwa kupasuliwa, na mchezaji hukaa nje miezi 9 au zaidi. Waganga wameona kwamba wanawake huumia kano hiyo zaidi kuliko wanaume.

Je, kuna kinga? Ipo, tena haina gharama. Kabla ya kucheza, wasichana wafanye mazoezi ya kupasha mwili moto kwa dakika 20 hivi. Wakimbie polepole. Wachuchumae na kuinuka. Wasimame kwa mguu mmoja bila kuyumba. Waruke na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, wala yasielekeane kwa ndani. Timu zinazofanya hivyo kila mara hupata majeruhi wachache. Na goti likivimba, lisikandwe na kila mtu. Mpelekeni mtoto kituo cha afya.

Chakula nacho kisisahauliwe. Sisi wa pwani tunao samaki, dagaa, maharage, mihogo, nazi na matunda. Mara nyingine mtoto wa kike hugawiwa mwisho, anapata mchuzi bila kitoweo. Mtoto kama huyo hawezi kukimbia dakika 90. Tena msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo anahitaji zaidi vyakula vya kuongeza damu, kama samaki, maharage na mboga za majani.

KARATASI YA KUTIA SAHIHI

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa. Mchezaji wa kulipwa hufanya kazi kwa mkataba. Mkataba ni mapatano yaliyoandikwa. Kwa kanuni za FIFA, yaani shirikisho la mpira la dunia, mchezaji wa kulipwa lazima awe na mkataba wa maandishi.

Zamani wengi wetu tungeweka dole gumba tu, tukampa mkono mgeni, basi. Leo tunajua kusoma. Elimu ile ya kisomo, hapa ndipo inapofanya kazi. Ukiletewa mkataba wa binti yako, usiharakishwe. Keti nao. Tafuta majibu ya maswali haya:

1. Jina la binti na jina la klabu yameandikwa sawasawa?

2. Mkataba unaanza tarehe gani na unakwisha tarehe gani? Kwa kanuni za FIFA kwa kawaida usizidi miaka 5. Mchezaji akiwa chini ya miaka 18, usizidi miaka 3.

3. Mshahara ni kiasi gani, kwa fedha ya nchi gani, na hulipwa tarehe ngapi?

4. Akiumia, nani atalipa matibabu? Mshahara utaendelea?

5. Atalala wapi? Nani atalipa nauli ya kwenda na ya kurudi?

6. Karatasi imeandikwa kwa lugha gani? Kama ni lugha usiyoijua, mtafute mtu unayemwamini aisome. Asiwe yule yule aliyeileta.

7. Nakala yako iko wapi? Mkataba bila nakala ni kama deni bila shahidi.

Jambo jingine ambalo wazazi wachache wanalijua ni la uzazi. Tangu mwaka 2021 kanuni za FIFA zinamlinda mchezaji mwenye mimba. Anastahili likizo isiyopungua wiki 14, na katika likizo hiyo alipwe si chini ya theluthi mbili za mshahara wake. Klabu hairuhusiwi kumfukuza kwa sababu amepata mimba. Binti akiambiwa "saini hapa kwamba hutazaa", ajue kwamba anadanganywa.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Penye jina zuri hapakosi mwongo. Mtu anaweza kuja kijijini amevaa vizuri, akasema: "Bibi, mjukuu wako ana kipaji. Ana miaka 15? Vizuri sana. Nitampeleka Ulaya, au Uarabuni. Nipeni tu hela ya pasipoti."

Bibi, usimpe. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda kucheza nchi nyingine. Ziko ruhusa chache tu. Kwa mfano, wazazi wenyewe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Ruhusa nyingine inawagusa watu wa mpakani kama sisi. Mtoto anayekaa kilomita zisizozidi 50 kutoka mpakani anaweza kuruhusiwa kuchezea klabu ya nchi jirani, iliyo nayo kilomita zisizozidi 50 kutoka mpakani. Lakini vyama vya mpira vya nchi zote mbili vikubali, na mtoto aendelee kulala kwao nyumbani. Anayesema ataondoka naye kabisa, huyo hafuati kanuni.

Wakala wa wachezaji naye lazima awe na leseni ya FIFA. Mwambie akuonyeshe. Kisha nenda kwa chama cha mpira cha wilaya au cha mkoa, wakuulizie TFF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania. Mtu wa kweli hatakasirika ukimchunguza. Anayekasirika, mwacheni aende zake.

SHULE ISIACHWE

Kuna ukweli mmoja ambao lazima tuuseme. Wachezaji wengi wa kike duniani hawapati fedha nyingi. Wachache hulipwa vizuri. Wengine hulipwa kidogo, na wengine hupewa posho tu. Tena kazi yenyewe ni fupi. Mchezaji akifika miaka 35 hivi, mara nyingi mwili unasema basi. Mkulima wa miaka 35 ni kijana. Mchezaji wa miaka 35 ni mzee.

Kwa hiyo shule na mpira viende pamoja. Hakuna haja ya kuchagua kimoja, kwa sababu njia ya kawaida ya mpira inapita shuleni. Shule za msingi zina mashindano ya UMITASHUMTA. Shule za sekondari zina UMISSETA. Huko wachezaji huchaguliwa hatua kwa hatua, mpaka mashindano ya taifa. Makocha wanaotafuta wachezaji huenda kutazama huko. Mtoto aliyeachishwa shule ameondolewa pia njiani.

Na aliyesoma, akiacha kucheza, hakosi kazi ya mpira. Anaweza kuwa kocha, mwalimu wa michezo, mganga wa timu au refa. Jonesia Rukyaa ni mwanamke wa Kitanzania, refa aliyepata beji ya FIFA. Mwaka 2016 alichezesha mechi ya Simba na Yanga ya wanaume. Mnajua wenyewe mechi hiyo ilivyo na kelele. Alisimama katikati ya wanaume 22, na filimbi ilikuwa mkononi mwake.

MZAZI AFANYE NINI?

Si kila binti anayepiga mpira atafika Meksiko. Wengi hawatafika. Lakini mzazi akiijua kazi hii, anaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, ampangie mtoto kazi za nyumbani kwa haki. Kama kaka anaruhusiwa kwenda uwanjani saa 10 na nusu, na dada anabaki anakuna nazi na kuteka maji, hatuwezi kusema kwamba dada hana kipaji. Hatujakiona. Pili, aende uwanjani mwenyewe akatazame. Ajue nani anawafundisha wasichana, wanafanya mazoezi wapi, na wanarudi nyumbani saa ngapi, tena na nani. Kocha mwema hupenda kuonekana na wazazi. Tatu, aisome kila karatasi kabla ya kutia sahihi.

Nanyi wasichana, mkipangwa nafasi ya beki msinune. Wengi wanataka kufunga mabao. Wanaopenda kuzuia ni wachache, na kitu kilicho kichache ndicho kinachotafutwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHA KISOMO

1. Beki mzuri anafananaje na uzio wa mvuvi?

2. Kwa nini mabeki lazima wasogee pamoja?

3. Mtu amekuja kijijini kumchukua binti wa miaka 16 akacheze mpira nchi ya mbali. Mtamwuliza maswali gani? Mtakwenda ofisi gani kwanza?

4. Katika kijiji chenu, wasichana wanacheza wapi, saa ngapi? Nani anawafundisha? Kama hakuna mtu, mnaweza kufanya nini pamoja na mwalimu wa shule?

5. Soma tena maswali 7 ya mkataba. Je, yanafaa pia kwa mikataba mingine, kama ya kuuza mazao, kukopa fedha au kukodisha shamba? Eleza.